Nyuzi za A, Nyuzi za B

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Cheo hicho hapo! Mkuu wetu wa shule, Mama Elinipendo, katangaza kuwa Ijumaa mimi na Mwalimu Sunil tutawaeleza wanafunzi jambo jipya la fizikia. Atakayeeleweka ndiye mkuu wa idara ya sayansi. Mimi nina miaka kumi na moja hapa. Sunil ana mitatu! Na najua atakachosema: nadharia ya nyuzi, eti kila kitu, hata ndizi, kimeumbwa kwa vijiuzi vidogo mno vinavyotetemeka. Basi na mimi ni nyuzi hizo hizo. Nitamshinda kwenye uwanja wake mwenyewe.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeazima jarida la Sunil mezani kwake. Hakuwepo, sikutaka kumsumbua. Kumbe nadharia za nyuzi zilizofungwa kama pete ziko nne: Aina ya Pili A, Aina ya Pili B, na mbili ziitwazo chotara, kama ng'ombe wetu wa Machame. Sunil huisifia B kila chai ya saa nne. Basi mimi ni A! Ukurasa wa 41 unazilinganisha A na B. Nimeuchana ili akose hoja, nikauficha ndani ya Biblia. Kuusoma? Nafasi iko wapi?

Alhamisi, 7 Novemba
Kukaa siwezi. Nimeshuka migombani, nimepanda, nimeshuka tena, nikimhutubia ng'ombe. Salvina, mke wangu, kauliza hiyo B ina ubaya gani. Nimemwambia ubaya wake ni Sunil.

Ijumaa, 8 Novemba
Aibu! Nilianza mimi. Nikasema A ndiyo kweli tupu, B takataka, na anayeiamini hafai kuongoza hata zamu ya kufagia. Makofi. Sunil akasimama na pete ya kamba ya mgomba na debe la maziwa. Akasema uzi, yaani ile kamba, unaweza kukimbia kuzunguka duara la debe, au kujiviringisha juu yake. Duara likiwa kubwa, kukimbia ni rahisi, kujiviringisha ni kazi. Likiwa dogo, ni kinyume. Badilisha nafasi za kazi hizo mbili, na A kwenye duara kubwa ni B kwenye duara dogo. Nadharia ile ile! Akanishukuru kwa kuisifia B vizuri hivyo. Walicheka mpaka wapishi wakaja kuchungulia. Akaendelea kuwa hata chotara zile mbili zinaungana hivyo hivyo, lakini mimi nilikuwa natafuta mlango.

Jumamosi, 9 Novemba
Akili haijaisha. Kwetu Wachagga ukipelekewa jani la isale huwezi kukataa kusamehe. Nimempelekea Mama Elinipendo, bichi kabisa, na shikamoo tatu. Kanisamehe palepale, maneno ya jana na ule ukurasa pia. Nani kamwambia? Kisha kasema cheo ni cha Sunil. Nikauliza, na jani je? Akasema jani huomba msamaha, haliombi kazi. Roho imeniuma hadi nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimepata dawa! Nimemwita Sunil mbele ya walimu wote: mdahalo wa pili, akishindwa aniachie cheo, nikishindwa nitamsahihishia madaftari mwaka mzima. A na B tuziache. Mimi nimechukua chotara moja, yeye abaki na nyingine, ijulikane ipi ya kweli. Kakubali kabla sijamaliza, akicheka mpaka chai ikamwagika. Hofu hiyo! Safari hii nimempata.