Ufunguzi wa Kituo cha Uzazi wa Nguchiro, Masakta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametoa udhuru, na Mwakilishi wake, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Gidabuday, shikamoo, viongozi wa dini na wa mila, wataalamu, wadau na wawekezaji watarajiwa, akina mama mliotupokea kwa nyimbo, na wananchi wengine kwa ujumla wenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Tangu Mkoa wetu wa Manyara uzaliwe mwaka 2002, na katika mazingira haya ya soko huria ambamo hata mnyama anapaswa kuchangia pato la taifa, Kamati yangu ilibaini kwamba tembo na simba wamekwishapata wafadhili, ila nguchiro, mla nyama mdogo, amesahaulika. (Kicheko. Sauti: "Na kuku wetu?") Kuku watajadiliwa kwenye mengineyo. Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe, kwa mafanikio makubwa, nguchiro hazai ovyo: huchagua kwanza habitati, yaani makazi, na asilimia sabini na tatu nukta nne ya majike walipendelea kichuguu chenye matundu mengi, kichaka cha kujificha na ardhi isiyoguswa na plau, ambako watoto wengi hunusurika, tofauti na wale wanaozaliwa shambani, ambao jembe huwafukua kabla hawajafumbua macho. (Mtu anapiga chafya.)

Ndiyo maana, mwaka 2003, tulisimika bango katika ekari mbili za Mama Restituta, zenye vichuguu vitano, tukamwelekeza asilime hadi wataalamu watakapofika kujenga. Mama huyu, mjane mwenye watoto wanne, alitii kwa sababu bango lilikuwa na nembo. (Makofi hafifu.) Jana alinifuata, akaniamkia vizuri, akaeleza kwamba huu ni msimu wa tano analima kibarua kwenye mashamba ya watu ili wanawe wale, na mvua ndizo hizi zinakaribia. Akaniuliza, "Baba, nilime au nisubiri?" Ni swali zuri sana, na nimeagiza liingizwe kwenye mpango mkakati.

Kuhusu matokeo: asubuhi ya leo tumehesabu familia saba za nguchiro, kutoka mbili, sawa na ongezeko la asilimia mia mbili na hamsini. Wapo wanaonong'ona kwamba wameongezeka kwa sababu hakuna mtaalamu aliyefika. Kamati inakubaliana nao kisayansi, kwani tungeleta saruji, mafundi na magari, wangehama wote. (Makofi kutoka meza kuu.)

Nguchiro kwanza! Makazi bora, uzazi bora! (Diwani peke yake: "Bora!") Sasa nakata utepe huu, ambao kwa kukosa mlango tumeufunga kichuguu hadi kichuguu. Shukrani za pekee zimwendee Mama Restituta, kwa sababu jengo halikujengwa, mtaalamu hakuajiriwa, wala andiko la mradi halikupelekwa popote, lakini yeye hakulima, na yote mliyoyaona leo ni kazi yake. Mama, subiri. Ahsanteni.