Pini Tisa, Matundu Kumi na Tano

Jumatatu, 1 Juni 1998
Imefika! Hamis, dereva wa lori la viazi, ameshusha kompyuta yangu kutoka Dar. Sanduku jipya, kibodi mpya, printa mpya. Akauliza monita iko wapi. Nikamwambia monita nitaipata bure misheni Njombe. Akasema wauzaji walishauri ninunue vyote pamoja. Wauzaji! Wangeshauri ninunue na meza.

Hizi ni zama za soko huria. Ng'ambo ya barabara Mwanaheri ana taipureta moja, kuukuu, herufi yake ya "o" inatoboa karatasi. Bado watu wanapanga foleni kwake. Barua ikiwa na jina langu, Odilo, hutoka na matundu mawili. Sasa basi. Nimebandika bango: KADI ZA HARUSI KWA KOMPYUTA.

Kabla ya saa sita nilishampata mteja. Mzee Luqmani, mwenye duka la vitenge, anamwoza binti yake Rukaiya tarehe 14. Anataka kadi mia moja. Nimemwahidi Ijumaa. Alitoka kwenye foleni ya Mwanaheri! Nilimwona Mwanaheri akichungulia. Nikampungia mkono.

Jumanne, 2 Juni
Njombe, ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Alois, karani wa misheni, alinitolea monita stoo, akaipangusa kinyesi cha kuku. Akauliza kama nina hakika itaingiliana na kompyuta yangu. Nikamjibu kompyuta ni kompyuta. Nimeipakata kwenye basi hadi nyumbani Makambako. Miguu imekufa ganzi.

Plagi ya monita ina pini tisa. Sanduku la kompyuta lina matundu kumi na tano. Nimehesabu mara nne. Mke wangu, Tereza, akauliza kuna nini. Nikasema marekebisho ya kawaida.

Jumatano, 3 Juni
Mzee Luqmani alipita kuangalia kazi. Nilikuwa nimefunika kila kitu kwa kitambaa cha meza. Nikamweleza kwamba mashine hizi hupumzishwa siku tatu baada ya safari ndefu. Akaitikia kwa heshima, akashusha na sauti. Kisha akatangaza sokoni. Mchana kutwa watu wamekuja kuitazama kompyuta ikipumzika. Bibi mmoja aliisalimia kabisa: kamwene!

Nilimwita Filemoni, fundi redio. Alitazama plagi, akatazama sanduku, akasema hivi ni vitu vya nyakati mbili, havitaelewana, ninunue monita nyingine. Nikamkumbusha kuwa yeye ni fundi wa redio. Akaondoka. Wivu!

Alhamisi, 4 Juni
Nimepata njia. Nimekata plagi, nikazichuna nyaya, nikazichomeka kwenye matundu moja moja na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Nyaya tisa, matundu kumi na tano: ya kuchagua ni mengi. Tereza alisema, "Baba, hicho kitu kitatuua." Nikawasha.

Mstari! Mstari wa kijani katikati ya kioo! Nilimshika Tereza mkono. Nusura nilie.

Kisha harufu. Kisha moshi. Kisha mlio kama chupa ya soda inafunguliwa, na umeme ukakatika safu nzima ya maduka. Kinyozi wa jirani alitoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja, wote wawili wakinitafuta. Friji za soda kimya. Redio kimya. Kilichosikika ni taipureta ya Mwanaheri tu: ta-ta-ta-ta, ng'ing'!

Ijumaa, 5 Juni
Mzee Luqmani alikuja na Rukaiya. Nilianza kueleza habari za mapumziko. Rukaiya akainua kitambaa. Akainama karibu na nyaya.

"Shikamoo, mzee Odilo. Hizi njiti ndizo zinazochapa?"

Nikarudishia kitambaa. Baba yake hakufoka. Alichukua karatasi yake yenye majina, akaikunja, akavuka barabara. Afadhali angefoka. Binti wa watu, zimebaki siku tisa, na hakuna mgeni aliyealikwa.

Saa tisa Mwanaheri akaja mwenyewe. Nilijiandaa kwa kejeli. Akasema kazi ameipokea ila karatasi ngumu hana, na amesikia mimi ninazo. Ninazo, za waridi. Akasema pia kwamba kukunja kadi mia peke yake hawezi kumaliza. Nimekaa kwake hadi magharibi, nakunja. Alinipa chai na chapati. Hakutaja moshi hata mara moja. "Tunayo heshima" ilikuwa na tundu kwenye kila kadi. Rukaiya alipozipokea alisema ni kama zimetariziwa.

Jumapili, 7 Juni
Baada ya misa nimetafakari kwa kina. Kosa nimeligundua. Nilijiingiza kwenye mambo ya vioo. Vioo ni vitu dhaifu.

Nimezungumza na Romanus, mfanyabiashara kutoka Iwawa. Ana mashine ya faksi, iliyotumika kidogo, na yuko tayari kuipokea kompyuta yangu badala yake. Tumeshapeana mikono. Barua kutoka Makambako hadi Dar kwa dakika moja! Mwanaheri atalia.

Romanus aliuliza kama nina laini ya simu. Nikamwambia faksi kwanza, hayo mengine ni marekebisho ya kawaida.