Fisi Sitini wa Foleni ya Malaba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimemzidi Quinter akili. Naandika mapema kabla furaha haijapoa.

Quinter ni mwenyekiti wa chama chetu cha wachuuzi wa foleni ya malori hapa Malaba. Kila mwanachama ana kipande chake cha foleni. Changu kinaanzia kituo cha mafuta hadi mizani, malori kumi na manne yakijipanga vizuri. Nimekitembea miaka sita. Bila hicho mimi si mchuuzi, ni mtu anayezurura barabarani na miwani ya jua mingi kuliko macho yake.

Quinter anauza roboti za ile katuni ya televisheni, Walinzi wa Chuma, zinazojigeuza kuwa lori. Madereva wanazigombania. Mtu amefungiwa ndani ya lori siku tatu, na bado anamnunulia mtoto wake lori. Sielewi, lakini ndivyo ilivyo.

Basi nimevuka kwa Okurut, mwenye duka la jumla upande wa Uganda. Nimekuta maboksi mawili. Dogo limeandikwa jina la Quinter. Kubwa halina jina! Nimeuliza kama hilo nalo ni roboti za katuni ile ile. Okurut amekohoa, akasema ndizo, ila ni za kikosi kingine. Kikosi ni kikosi. Nimempa bidhaa zangu zote, chaja, miwani, soksi, nikabeba boksi mbio asije akabadilisha mawazo. Hakunifuata. Alifunga duka saa nne asubuhi.

Wakati wa chai mke wangu Alinga amesema mama yake kule Kocholia analia na nyani. Wanang'oa njugu shambani mchana kweupe. Nimeitikia. Nilikuwa nawaza malori.

Jumanne, 3 Juni

Fisi.

Nimefungua boksi. Fisi sitini. Nimekagua hadi chini, nikidhani lori limejificha. Hakuna. Nimekaa kwenye mlango wa nyumba, mdomo wazi, hadi jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Alinga, ambaye hutazama katuni kuliko watoto, amenieleza bila huruma. Hawa ni Waasi. Walihama jeshi la Walinzi, wakakataa kuwa magari, wakawa fisi. Hushindwa kila Jumamosi. Ukimbana mkia fisi anasimama na kuwa roboti mwenye panga. Ukimtikisa anarudi kuwa fisi na kucheka. Kicheko chenyewe ni cha kweli kabisa. Kuku wetu wako juu ya paa tangu saa tatu.

Nimewapeleka kwenye foleni hivyo hivyo. Dereva wa kwanza alikuwa Ogutu, mtu wa Port Victoria, mteja wangu wa soksi. Alimtazama fisi, akapandisha kioo, kisha akakishusha kidogo tu.

“Boss, mimi nabeba simiti, nabeba mafuta, hata jeneza nishabeba. Lakini fisi kwa cabin, zii. Hiyo ni nuksi.”

Malori kumi na manne, jibu moja. Sikujua watu wanaolala chini ya trela wana miiko mingi hivi.

Quinter amepita na Walinzi wake wanne wa mwisho. Amesema boksi hilo aliwahi kuletewa akalikataa. Akanikumbusha, kwa sauti ya kujali ambayo siipendi, sheria ya chama: madereva watatu wakilalamika, mchuuzi anapoteza kipande. Nimemwambia ashughulike na yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata dawa. Anayeogopwa ni fisi, roboti haogopwi. Basi nimewabana mikia wote sitini, wakasimama, nikafunga kila mkia kwa selotepu. Panga mkononi, kifua mbele. Nimewaita Makamanda. Kamanda si Mlinzi na si Mwasi, kwa hiyo sijadanganya mtu.

Kumi na wanane wameondoka kabla ya saa sita! Ogutu amechukua wawili, kwa ajili ya mapacha. Foleni haikusogea hata hatua moja siku nzima, na Makamanda walisimama wima kwenye vioo vya mbele. Nimetembea kipande changu kama gavana. Quinter alikuwa ananiangalia. Nimempungia mkono.

Alhamisi, 5 Juni

Foleni imesogea.

Saa mbili asubuhi geti lilifunguliwa, malori kumi na manne yakawashwa kwa mpigo. Malori yakitikisika, kila kilichomo nacho kinatikisika. Selotepu ya hapa haina nguvu. Nilisikia kicheko kimoja karibu na mizani. Kisha cha pili. Kisha foleni nzima ilikuwa inacheka, kuanzia kituo cha mafuta hadi getini, na ndani ya kicheko hicho nilisikia wanaume wazima wakiita mama zao.

Ogutu alijimwagia chai ya moto mapajani. Taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la saba, aliruka nje, akakimbilia upande wa Busia, na hadi jioni dereva wake alikuwa anamsubiri. Ajenti mmoja wa forodha alikuwa amemweka wake kwenye mkoba wa karatasi. Alikuwa dirishani mbele ya ofisa, akautikisa mkoba akitafuta fomu, mkoba ukacheka. Ofisa alitaka kujua ni nini kinachomchekesha.

Malalamiko matatu kabla ya saa tatu. Fisi wote kumi na wanane wamerudishwa, wengine kwa kutupiwa. Quinter ameitisha mkutano pale pale kando ya barabara. Mikono yote juu. Kipande changu kimechukuliwa. Miaka sita, na kura ilikwisha kabla lori halijapita. Nilitembea nyumbani nikiwa na aibu iliyonifika masikioni.

Ijumaa, 6 Juni

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na mpango. Mpango mzuri sana.

Nimempelekea Quinter boksi lote kama zawadi ya amani. Nimesema mbele ya wanachama kwamba nimetubu, na kwamba bidhaa kama hii inamfaa kiongozi. Nimeomba kipande changu tu. Hesabu yangu ni hii: atashawishika kuwauza, madereva watalalamika mara tatu, na mwenyekiti atapoteza chake. Atajua hajui.

Amekubali haraka mno. Amemtikisa fisi mmoja, akasikiliza kicheko hadi mwisho, kichwa kimeinama upande, kisha akanirudishia kipande hapo hapo na kunishika mkono. Nimefika nyumbani naimba.

Jumapili, 8 Juni

Siwezi kuandika vizuri.

Baada ya misa tumekwenda Kocholia kwa mama mkwe. Nimekaa mbali kama inavyompasa mkwe, kwenye stuli ya mlangoni, nikitazama shamba la njugu. Upepo ukavuma. Shamba likacheka.

Nimesimama. Juu ya mti mmoja katikati ya njugu amefungwa fisi wangu. Kwa jirani, wengine wawili. Ng'ambo ya kijito, sijui wangapi. Upepo ukija wanacheka kijiji kizima, na nyani hakuna, hata mmoja, tangu jana asubuhi.

Quinter, ambaye kumbe alishasikia kilio cha nyani, aliwaleta Jumamosi kwa bodaboda. Wamekwisha wote. Akina mama wamempa njugu, wimbi na kuku, na wengine wanamngoja arudi. Chama kimeshapata habari, kinataka awe mwenyekiti wa maisha.

Mama mkwe hasemi nami ana kwa ana. Alimwambia Alinga, nikisikia, akinitaja kwa jina la mtoto wetu: “Uliza baba Akwii kama anamjua huyo dada wa fisi. Huyo ako na kichwa. Angekuwa mtoto wangu, singekuwa nalia hapa.”

Nilisema ni fisi wangu. Mama mkwe alimuuliza Alinga kama nimekunywa.

Njiani Alinga amesema aliniambia habari ya nyani tangu Jumatatu. Nimekana kwa kiapo. Nimefika nyumbani nikafungua shajara hii. Imo. Kwa mwandiko wangu. Nimeifunga.

Jumanne, 10 Juni

Yamepita. Mimi si mtu wa kinyongo. Kipande ninacho, tatizo ni kwamba sina cha kuuza.

Nimevuka kwa Okurut na redio yetu. Amebaki na boksi moja la Waasi ambalo hakuna anayelitaka. Si fisi, nimehakikisha: nimechungulia tunduni. Ni nyoka. Arobaini, weusi, wanajikunja na kuwa roboti, ukiwagusa wananyanyua kichwa na kutoa sauti ya mvuke. Hawachekicheki ovyo. Okurut alipokea redio kwa mikono miwili, akafunga duka.

Sasa nawafunga mikia, safari hii kwa mpira wa baiskeli. Kesho saa moja niko kituo cha mafuta. Fisi ni nuksi, sawa, lakini nyoka hajawahi kumkosea dereva.

Alinga amekuja mlangoni. Anasema mama yake amepiga simu, panya wamevamia ghala la mahindi, kijiji chote kinalia. Nimeitikia.