Maharage Yangu na Vibanio vya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Profesa ametugawia meza za maharage yaliyoanza kutoa maganda, moja yangu, moja ya Miwani, mwenzangu wa kazi katika banda la mimea. Ambaye maharage yake yatatoa mbegu nono zaidi atakuwa msimamizi wa banda. Yaani mimi. Tangu lini Miwani akanishinda kitu?

Profesa akatueleza siri ya mbegu changa. Ndani imejaa majimaji. Majimaji yanaisukuma ngozi ya mbegu, ngozi inavutika, mbegu inanenepa. Nikaelewa papo hapo. Alipofika kwenye "lakini", nikatoka kwenda kunywa chai. Miwani kabaki, kakodoa macho. Wenye vichwa vizito lazima wasikilize mpaka mwisho.

Nimemwambia mke wangu cheo nimeshapata. Akapiga vigelegele, akampigia simu mama yake. Sikuona haja ya kumkatiza.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe ameingia na begi zito. Kaja kumpongeza mkwewe! Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Msimamizi!" Mama huyu hakunitaka tangu siku ya posa. Machozi yalinilengalenga. Sasa cheo hiki lazima nikipate, kwa udi na uvumba.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Ukiibana chupa, maji yaliyomo yanasukuma. Basi nikiyabana maganda ya maharage, majimaji ndani ya mbegu yatasukuma maradufu, na mbegu zitavimba. Akili hii sijui niliitoa wapi. Kwetu wote ni watu wa kawaida.

Alfajiri nimeondoka na vibanio vyote vya nguo vya mke wangu. Kila ganda changa na kibanio chake. Juu nimefunika mifuko ya karatasi. Miwani akauliza kulikoni. Nikamwambia ni kinga ya wadudu. Akanikumbusha kuwa Profesa alikataza kuyagusa maganda. Mwenye wivu ajinyonge!

Nyumbani, msiba mdogo. Upepo umezoa nguo zote kwenye kamba. Gauni la mama mkwe limeokotwa kwa jirani, mbwa kalilalia. Mke wangu analaani wezi wa vibanio. Nikamuunga mkono: kweli dunia imeharibika.

Jumapili, 9 Machi

Zamu ya Jumapili. Miwani anamwagilia maharage yake kidogo kidogo, halafu anayaacha. Basi! Hana mbinu hata moja. Nimemhurumia mpaka nimemwahidi kwamba nikiwa mkubwa wake sitamnyanyasa sana. Hakushukuru.

Mama mkwe kawaalika majirani chai ya Ijumaa, kusherehekea cheo.

Ijumaa, 14 Machi

Mifuko imefunguliwa mbele ya Profesa. Vibanio vyote hadharani, na vile vya rangi ya waridi pia.

Mbegu za Miwani zimetuna. Maganda yangu yana alama za meno ya vibanio, na ndani mna vijimbegu kama pilipili manga. Profesa akaijaribu moja kwa sindano yake ya kupimia ugumu. Sindano ikagoma kuingia.

Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama siku ile niliisikia ile "lakini". Kumbe mambo yako hivi: ngozi ya mbegu ikivutwa kupita kiasi inahisi, inakaza. Ikishakaza, mbegu haikui tena. Msukumo uleule unaoikuza ndio unaoifungia. Miwani akatikisa kichwa kukubali, kama vile ni yeye aliyeliumba harage la kwanza.

Usimamizi kapewa Miwani. Imeniuma, sifichi. Lakini Profesa amezichukua mbegu zangu kuwaonyesha wanafunzi! Zangu! Za Miwani zinaishia guniani. Kwenye chupa alimozitia ameandika "Msifanye hivi", ila kwa herufi kubwa na nzuri kabisa.

Nyumbani majirani walikuwa wameshakaa. Nikasema ukweli, maana Profesa alikuwa ameshampigia simu mke wangu kuhusu vibanio. Mama mkwe akafunga begi lake. Mlangoni akaniambia, "Mgema akisifiwa, baba, tembo hulitia maji. Ukipata hicho cheo kweli, niite." Nimeshika mawili: amenisifu, na atarudi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari. Kosa halikuwa kubana. Kosa lilikuwa kubana maharage. Cheo kimeshikwa na Miwani, basi abanwe Miwani mpaka akiachie!

Nimeanza leo leo. Nimemngojea mlangoni. Nimemfuata meza hadi meza. Nimemsahihisha namna anavyoshika ndoo. Nimemuuliza anajiuzulu lini, tena mbele ya Profesa.

Asubuhi alikuwa anacheka. Mchana akaacha kucheka. Jioni hanijibu tena, midomo kaifumba, kaufunga mlango wa banda kwa kufuli na ufunguo kautia mfukoni.

Analainika! Kesho naongeza.