Mashini ya Kijani Chini ya Bâche

Excellence Muwakilishi wa Muwakilishi. Muheshimiwa Mujumbe ambaye hakufika lakini ametuma koti lake, na koti limepewa kiti cha mbele. Wageni wetu wa heshima kutoka nchi za mbali, marafiki wa moto na maadui wa moshi. Mapadri, masista na wachungaji. Wakubwa wa service zote, zile zinazofanya kazi na zile zinazongojea. Wachefu wa avenue. Chorale, ambayo naomba isiimbe tena. Na ninyi raia wapenzi wa mtaa huu wa Cimpunda, muliosimama kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu. (Makofi. Chorale inaanza kuimba, inanyamazishwa.)

Mimi, Hugues Akonkwa, Coordonnateur Mukubwa wa Programu ya Ushirikiano wa Kimataifa wa Kupanga Nishati na Kutafiti Biomasse, kwa kifupi PUKKNKB, jina ambalo hata mimi nalimeza na maji, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wengi wameusifu. Biomasse ni neno la wataalamu. Maana yake ni kila kitu kilichoota, kikafa, na bado kina faida. Ganda la ndizi ni biomasse. Gunzi la muhindi ni biomasse. Papa anayecheka kule nyuma, hapana, mama mukwe wako si biomasse. (Vicheko. Mama mkwe mmoja anasimama kutafuta nani amecheka.)

Munajua shida yetu. Kila asubuhi magunia ya makala, makaa ya kupikia, yanatoka Bunyakiri, yanapita Miti, yanashuka hapa mujini, na nyuma yao milima inabaki na upara. Maman anapuliza moto mpaka macho yanakuwa mekundu, na bwana anafikiri amelia kwa sababu yake. Sisi hatukukaa mikono mufukoni. Tulisafiri. Tulifanya mission ya kwanza ng'ambo kujifunza namna wenzetu wanachoma takataka, mission ya pili kusahihisha ripoti ya mission ya kwanza, na mission ya tatu kwa sababu kule kulikuwa baridi na tulikuwa tumesahau makoti. Tukafanya atelier, yaani semina, ya kupanga, kisha atelier ya kupanga namna ya kupanga, na leo naweza kutangaza mbele ya dunia kwamba asilimia tisini na sita ya mipango imekwisha kupangwa. Asilimia ine iliyobaki ni kutekeleza. (Makofi ya viti vya mbele. Koti la Mheshimiwa halipigi.)

Na sasa, chini ya bâche hii, turubai ya bluu, iko mashini inayomeza takataka za nyumba zenu na kutoa makala safi isiyo na moshi. Ni mashini ya kwanza, prototype, na leo jioni itapanda lori kwenda kuzinduliwa tena Miti, kisha Bunyakiri, kisha popote penye wageni na kamera. (Maman Georgette, anayesaga muhogo wa mtaa huu, ananyoosha mkono.) Maman Georgette, maswali yalikuwa na saa yao, lakini saa hiyo tumeifuta juu ya kuokoa wakati.

("Sina swali, papa. Naomba tu munirudishie mashini yangu. Mulisema ni ya photo moja. Batu ya Cimpunda banatwanga muhogo na mukono, watoto banalala bila bugali, na miye sina kazi ingine.")

Maman anasema anafurahi sana. Mademoiselle Ornella, wewe mukalimani wetu, ambia wageni kama anafurahi. (Ornella anatafsiri. Wageni wanatabasamu, mmoja anasema kitu.) Mugeni wetu anaomba tuwashe. Jambo hilo halikuwa mu programu, lakini mugeni njoo mwenyeji apone. Ondoeni bâche. (Bâche inaondolewa. Rangi ya kijani bado mbichi, imebaki kwenye vidole vya watu wa protokoli. Mtaa mzima unaguna, umeitambua mashini.)

Washeni, basi. Washeni. ("Hiyo haiwake bila kupigwa teke ku ubavu," anasema maman Georgette, na anaipiga. Mashini inakohoa, inatema moshi mweusi wa mazout, mafuta ya dizeli.) Moshi huo ni wa majaribio. Tuliomba kila nyumba ilete beseni moja ya biomasse; wamama, leteni, tuonjeshe mashini. (Wamama wanafunua mabeseni. Hakuna ganda wala gunzi. Ni muhogo mkavu, kila beseni limejaa.) Wamama, tuliomba biomasse. ("Umesema ni kitu yote yenye iliota, ikakufa, na iko na faida," anajibu mmoja. "Muhogo imeota. Imekufa. Na miye niko na njaa." Anamwaga ndani ya mashini. Unga mweupe unaruka juu ya wageni, juu ya kipaza sauti, juu ya koti la Mheshimiwa.)

Hii, wageni wapenzi, ni makala nyeupe. Makala ya kizazi kipya. Haichafui mikono, haina moshi, na kama ikikosa moto unaweza kuikoroga. (Mgeni anaonja kwa kidole, anasema ni tamu. Wamama wanapanga mstari mbele ya mashini. Dereva wa lori anapiga honi, hakuna anayesogea.) Wamama, hii si soko, hii ni ushirikiano wa kimataifa. Tafazali mashini izimwe, lori inangoja. Maman Georgette, nakuomba kwa heshima, shuka. (Maman Georgette amepanda juu ya kibao chake cha zamani kando ya mashini, amejifunga kitambaa kichwani. Anapokea beseni la pili.)

Basi tumalize. Nikisema takataka ya leo, museme moto wa kesho. Takataka ya leo! ("Leta beseni!") Biomasse! ("Saga!") Ushirikiano! ("Usiruke mustari, maman Eulalie!")

Namalizia na shukrani, maana mutu asiye na shukrani ni kama nyumba isiyo na choo. Nashukuru wapartenaire, wafazili wetu, kwa mikataba, hoteli kwa ukumbi, avion, ndege zetu, kwa viti vya mbele, na Mungu kwa mwendo salama. Na zaidi namushukuru maman Georgette, maana mashini ya kugeuza takataka hatukuinunua, hatukuitafiti, na kusema kweli hatujui inafananaje. Bila yake proje hii haingekuwa na photo, na photo, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa proje yote. Asanteni. Munaweza kupiga makofi.

(Hakuna makofi. Mikono yote imeshika mabeseni.)