Kufuli la Daftari la Makosa

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa bosi anatangaza mkuu wa kitengo. Kitengoni tuko wawili tu, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Kiti ni kimoja. Nimekitamani miaka minne. Miwani amekuja juzi, anatafuna njugu kazini, na kazi ngumu bosi humpa yeye. Inaniuma, sifichi.

Programu yetu ni ya maabara ya hospitali. Inasoma mashine nne za kupima damu kwa wakati mmoja. Kila mashine ina uzi wake, yaani mkondo wake wa kazi ndani ya programu, na uzi ukipata kosa huliandika kwenye faili moja tunayoiita daftari. Tatizo, nyuzi zote huandika kwa pamoja. Leo tumekuta mstari huu: “Mashine ya pili karatasi haijibu ya nne imeisha.” Bosi ameuliza nani atarekebisha. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka kufuli. Uzi unaotaka kuandika unachukua ufunguo, unaandika, unaurudisha. Wenzake wasubiri. Nimejaribu kwa makosa elfu moja ya kubuni. Hakuna mstari uliochanganyika! Miwani amesema ni kazi nzuri. Ananivika kilemba cha ukoka.

Saa kumi jioni, wazo. Kila kosa libebe jina la aliyeandika sehemu ya programu lilikotokea. Ijumaa bosi atafungua daftari asome: Miwani, Miwani, Miwani.

Jumatano, 5 Machi
Orodha ya majina tayari. Uzi wenye ufunguo unaitazama, unachukua jina, ndipo unaandika. Sehemu za Miwani, zote kumi na moja, nimezijaza. Zangu nimeziacha wazi. Sijapoteza akili.

Je, nafasi ikiwa tupu? Rahisi. Hilo nalo ni kosa, basi liandikwe daftarini: “Mwandishi hajulikani.” Na lipitie kwenye kufuli kama mengine, sheria ni sheria. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Nyumbani bafu limefungwa. Bafu ni moja, ufunguo mmoja. Nimegonga dakika ishirini. Nimemlaumu mke wangu, naye alikuwa jikoni. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu Januari, ameniuliza kwa upole kama nimepapasa mifuko yangu. Ufunguo ulikuwamo. Nilifunga mwenyewe asubuhi, wasiguse sabuni yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani ameomba aone kufuli. Nimekataa. Akasema yeye angeweka kikapu: kila uzi udondoshe kikaratasi chake na uendelee na kazi, halafu uzi mmoja tu uokote na kuandika. Nimemwambia hii ni ofisi, si soko. Akauliza itakuwaje mwenye ufunguo akitaka kuandika tena kabla hajaurudisha. Nimemjibu haiwezi kutokea. Amerudi mezani kwake, akaanza kuandika kitu. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari wa maabara amekuja mwenyewe kuiona programu ikifanya kazi. Bosi amevaa tai. Mashine zote nne zimewashwa.

Dakika ya tatu, mashine ya kwanza imeishiwa karatasi. Sehemu ya karatasi niliiandika mimi. Uzi wake umechukua ufunguo, umetazama orodha, umekuta pengo. Ukataka kuliandika pengo. Ukaomba ufunguo. Ufunguo unao wenyewe! Ukakaa kuusubiri. Mashine ya pili ikapata kosa, uzi wake ukasubiri nyuma. Wa tatu pia. Wa nne pia. Mwishowe skrini nzima ikaganda. Daktari akauliza wagonjwa wake wangoje mpaka lini. Nilitamani ardhi inimeze.

Miwani akazima, akaweka kikapu chake, akawasha. Alikuwa amekiandaa tangu jana. Kila kitu kikaenda. Kabla ya saa sita ametangazwa mkuu wa kitengo. Nimempa mkono. Akanipa njugu. Nimekula, lakini kwa uchungu.

Nyumbani nimesimulia yote. Mama mkwe amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemkumbusha kuwa nyumba hii ina maji ya bomba.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu mpya ameagiza majina yabaki, yanasaidia kujua wa kumuuliza. Ila orodha ijae, na kazi hiyo amenipa mimi. Hana kinyongo. Hilo ndilo kosa lake.

Nimewaza Jumamosi na Jumapili, na sasa najua nilipokosea. Sikupaswa kuacha nafasi tupu. Leo nimezijaza zote, za karatasi, za skrini, zote nilizoandika kwa mkono wangu: Miwani, Miwani, Miwani. Sasa tuone nani mkuu.

Nilipohifadhi, kompyuta imeongeza pembeni jina la aliyefanya mabadiliko, na tarehe, na saa, kama inavyofanya siku zote. Ni jina langu, lakini herufi zake ni ndogo sana. Hakuna atakayelisoma.