Makofi Matatu kwa Gidamis

Jumapili, 3 Julai 1983

Padre ametangaza. Ana kengele ya ziada, na itakwenda kwenye kigango kinachopokea wageni vizuri kuliko vingine vyote. Hapa Gendabi mwenyekiti wa Kamati ya Ukarimu ni mimi. Wajumbe ni mimi na Filomena, na Filomena kazi yake ni chai tu. Kengele ni yetu.

Tatizo ni wageni wenyewe. Xavery, mwenyekiti mwenzangu wa kigango jirani, ana mafundi wa matrekta wa shamba la ngano, watu wa Moshi, Iringa, hata Bukoba. Mimi nina Gidamis, mfugaji, aliyeanza mafundisho ya ubatizo baada ya Pasaka. Basi nikamsimamisha kwa utaratibu wetu: taja jina, taja unakotoka, kanisa lipige makofi matatu. Akasema anatoka hapa. Makofi yalikuwa mazuri. Daftarini nimeandika: mgeni mmoja.

Jumapili, 10 Julai

Xavery kapata wageni sita. Nikamsimamisha Gidamis tena. Mtu anayekaa nyuma karibu na mlango bado ni mgeni, ndivyo ninavyoona mimi. Akasema tena anatoka hapa. Nikamwambia asione haya, ataje vizuri. Akanyoosha fimbo yake dirishani, kwenye ngano, akasema anatoka pale. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Filomena hakupiga makofi. Alisema chai inapoa.

Jumatano, 13 Julai

Filomena kaja nyumbani kunigombeza. Kwamba kaburi la baba yake Gidamis limo ndani ya ngano ile, pamoja na mahali lilipokuwa boma alilozaliwa. Kwamba ng'ombe wake siku hizi wanazungushwa mbali kufuata maji. Na mimi kila Jumapili namuuliza mtu huyo ametoka wapi! Nikamjibu kwamba ukarimu una taratibu zake. Akasema taratibu zangu nimpelekee Xavery.

Jumapili, 17 Julai

Gidamis hakuja. Katekista Basili anasema amerudisha kitabu cha mafundisho. Hataki tena ubatizo. Nafasi yake karibu na mlango ilibaki wazi, hakuna aliyeikalia. Chakula cha mchana kimenishinda. Nimemfukuza mtu kanisani kwa makofi.

Alhamisi, 21 Julai

Nimekwenda bomani kwake kuomba radhi. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamkuta mama yake mzee, nikamwamkia shikamoo, akanisogezea kigoda cha mwanawe. Mkewe akaleta maziwa kwenye kibuyu. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Na mimi nililetwa hapa kutoka Bashay nikiwa mgongoni mwa mama!

Gidamis alipofika akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Marehemu baba yangu, mzee Bura, alipohamia hapa alilala bomani kwao mwezi mzima, na aliyemwonyesha pa kujenga ni baba yake Gidamis, huyo aliyezikwa kwenye ngano. Maneno yote niliyopanga yakapotea, nikasema tu, nisamehe. Akasema Jumapili atakuja kwa sharti moja, asisimamishwe. Anataka kukaa kama watu wengine. Nikaapa.

Jumapili, 24 Julai

Amekuja, na mkewe, na mama yake mzee, kwa miguu. Hakukaa karibu na mlango. Walikaa benchi la katikati, kwa Filomena. Moyo ulinijaa.

Kiapo nilikikumbuka. Sikumsimamisha. Nilisimama mimi. Nikalieleza kanisa kosa langu lote, kwamba ndugu yetu huyu si mgeni, na asijisikie mgeni kamwe kati yetu sisi wenyeji. Kisha nikaomba makofi matatu ya kumkaribisha.

Yalipigwa. Mama mzee akageuka akatutazama, akamuuliza mwanawe jambo kwa lugha yao. Gidamis akatufasiria kwa upole. Mama anauliza, sisi wote tulihamia lini. Kisha akamshika mama yake mkono, wakatoka taratibu. Filomena akawafuata na birika zima la chai. Hata yeye hakurudi.

Nimelia, sifichi. Mtu alinipa nafasi ya pili nami nimeiharibu mbele ya kanisa zima. Lakini kosa nimeliona. Wao walikuwa watatu, na makofi matatu ni moja moja tu kwa kila mtu. Nani atajisikia yuko nyumbani kwa kofi moja? Wakirudi nitaomba tisa.

Daftarini nimeandika: wageni watatu.